Msaragambo wa Angani

Yeyote aliyekulia katika mwambao huu wetu, kuanzia Jasini mpakani hadi Saadani, na ng'ambo ya mkondo katika kisiwa cha Pemba, anaijua saa ile ya usiku ambapo mlango hugongwa na sauti ikauliza kama mwenye chombo yupo. Hatajiwi bei, wala yeye haulizi atalipwa na nani. Kuna mgonjwa. Nahodha huamka, akachukua kurunzi na shuka lake, akawaamsha vijana wawili watatu, na kabla majirani hawajajua kilichotokea chombo kimekwisha sukumwa majini. Hii si sheria iliyopitishwa na Bunge wala na Baraza la Wawakilishi. Ni ada ya pwani, na anayeikataa ataambiwa aibu yake mpaka na wajukuu.

Tunaitaja ada hiyo leo kwa sababu tunataka kuuliza swali ambalo limetukaa rohoni kwa muda mrefu. Mchana kutwa anga ya mwambao huu hupitiwa na ndege ndogondogo. Nyingine ni za makampuni yanayochukua abiria na watalii baina ya bara na visiwani. Nyingine ni za watu binafsi, wenye mashamba, wenye hoteli, na wale wanaorusha ndege kwa mapenzi yao tu, kama wengine wanavyopenda mashindano ya ngalawa. Je, ada ya nahodha haiwezi kupanda angani? Rubani mwenye ndege yake, mwenye leseni yake, na mwenye nafasi ya saa mbili siku ya Jumamosi, hawezi naye kugongewa mlango?

Miaka kadhaa iliyopita tulisimama katika diko moja upande wa bara, mwezi ambao kusi limechachamaa, tukaona jahazi likiingia na mtu aliyelazwa juu ya kitanda cha kamba. Alikuwa mkwezi. Alianguka kutoka mnazini asubuhi ya siku iliyotangulia, na wenzake walimvusha kwa matumaini kwamba huku angepata wa kumpiga picha ya mifupa na kumtazama mgongo. Njiani bahari ilikuwa imewatupa huku na huko. Walikifunga kitanda kwenye mlingoti kisiteleze, lakini hawakuwa na njia ya kumfunga mgonjwa mwenyewe asitikisike. Walipomteremsha hakuwa akiihisi miguu yake. Kama ilikuwa hivyo tangu alipoanguka, au kama mawimbi yalimwongezea, daktari hakusema, nasi hatutasema. Lakini mmoja wa mabaharia wale alitusimulia neno ambalo hatujalisahau. Walipokuwa katikati ya mkondo ilipita ndege ndogo juu yao, chini kiasi cha kuziona rangi zake. Wote waliinua nyuso, na mgonjwa naye, wakaitazama mpaka ikapotea.

Kutoka Tanga hadi Chake Chake ni kama kilomita 80 kwa mstari ulionyooka. Chombo cha tanga, hata upepo ukiwa mwema, huhitaji sehemu kubwa ya mchana au usiku kucha. Ndege ndogo ya injini moja, mfano wa Cessna 206 yenye viti sita, huuvuka mkondo huo kwa dakika 25 hivi. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 350 kwa barabara, lakini kwa angani hazizidi sana 200, yaani safari isiyotimia saa moja. Na wasomaji wetu wa Pemba wanajua jambo ambalo wakubwa wengi husahau wanapoitazama ramani: Chake Chake iko karibu zaidi na mji wa Tanga kuliko ilivyo karibu na Mji Mkongwe wa Unguja.

Wala bahari yetu si ya kufanyiwa mchezo. Usiku wa tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na mamia ya watu wakaangamia. Mwezi Januari, 2017, chombo kilichotoka Tanga kuelekea Pemba kilizama karibu na kisiwa cha Jambe, wakafa watu 12. Hao walikuwa wazima. Mgonjwa hawezi hata kuushika ubao.

Hapana budi tuseme mapema kwamba ndege haimfai kila mgonjwa, maana wapo watakaosoma hapa na kudhani tumepata dawa ya yote. Wataalamu wa uzazi wanatufundisha kwamba mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki katika muda wa saa mbili asipotibiwa. Kwa mama huyo, kungojea ndege iwashwe Tanga ni kumwua. Tiba yake lazima iwe pale pale alipo: mkunga aliyefunzwa, sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, na damu katika hospitali iliyo karibu. Ndege inamfaa yule ambaye saa zake ni sita au kumi na mbili, si mbili. Mama ambaye uchungu umekwama na mkunga ameona mapema kwamba mtoto hatapita. Aliyeungua kwa mafuta ya taa. Mwenye henia iliyojinyonga. Aliyevunjika uti, kama yule mkwezi wetu, ambaye kila wimbi ni adui yake. Hawa ni wengi, na ndio ambao mashua huwachelewesha au huwaumiza, nao tunawasemea.

Jambo hili si geni, na tena lilizaliwa katika ardhi yetu wenyewe. Mwaka 1957, katika shamba lililokuwa upande wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro, madaktari watatu wapasuaji walikaa pamoja wakaitazama nchi hii pana yenye barabara chache na hospitali zilizo mbali mbali. Walikuwa Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Wood alikuwa rubani vile vile, mwenye kurusha ndege mwenyewe kwenda kwa wagonjwa. Kutokana na mazungumzo yao likazaliwa shirika ambalo leo Afrika nzima inalijua kwa jina la AMREF, na ile huduma yake ya madaktari wa ndege yenye makao katika kiwanja cha Wilson, Nairobi. Watu hukumbuka ndege zake. Wachache hukumbuka kwamba katika miaka ya mwanzo ya 1960 shirika hilo lilijenga pia mtandao wa redio za mawasiliano uliounganisha hospitali na zahanati za mbali, na kwamba bila redio hizo ndege zisingejua ziende wapi.

Ndugu zetu wa mwambao wa kaskazini, huko Lamu, Faza na Kiunga, walimjua kwa miaka mingi Anne Spoerry, daktari Mfaransa ambaye alijifunza urubani akiwa amekwisha pita umri wa miaka 40. Alijiunga na AMREF mwaka 1964, akawa anajirushia ndege yake kutoka kiwanja hadi kiwanja, akichanja watoto na kuwachukua waliozidiwa, hadi karibu na kifo chake mwaka 1999. Walimwita Mama Daktari. Hatutaki kumfanya walii: baada ya kufa kwake yameandikwa mambo machungu kuhusu mwenendo wake alipokuwa mfungwa katika kambi ya Ravensbrück wakati wa Vita Kuu ya Pili, na anayetaka kumhukumu ana haki. Sisi tunalolichukua kwake ni moja tu, kwamba mwambao wenye visiwa, mikoko na viwanja vya mchanga, unaofanana na wetu kama mapacha, ulihudumiwa kwa ndege ndogo kwa zaidi ya miaka 30.

Australia walitutangulia. Huko kasisi John Flynn alipokea mwaka 1917 barua ya kijana mwanajeshi, Clifford Peel, aliyemweleza jinsi ndege zingeweza kuwafikia wagonjwa wa nyika. Kijana yule alikufa vitani mwaka uliofuata, asiione kazi ya barua yake. Ndege ya kwanza ya tabibu iliruka kutoka mji wa Cloncurry tarehe 17 Mei, 1928. Lakini huduma ilishika mizizi baada ya fundi mmoja, Alfred Traeger, kutengeneza redio iliyopata umeme wake kwa kukanyagwa pedali kama cherehani, ambayo mke wa mfugaji aliweza kuitumia akiwa peke yake nyumbani. Hapo tena tunakutana na jambo lile lile. Kwanza ni sauti ya mwenye mgonjwa kufika, kisha ndege.

Na karibu zaidi nasi, katika Mkoa wa Arusha, ipo tangu mwaka 1983 huduma iitwayo Flying Medical Service, ambayo marubani wake wa kujitolea huwafikia wafugaji wa Kimaasai kwa ndege ndogo, huendesha kliniki kandokando ya viwanja vya nyasi, na kuwachukua wagonjwa mahututi kwenda hospitali bila kuwadai wasio na uwezo. Kutoka Arusha hadi Tanga si mwendo wa mwezi. Kwa nini basi desturi hiyo haijashuka kutoka milimani ikafika baharini?

Tumewauliza watu tunaowaamini, marubani na waganga, na jibu walilotupa lilitushangaza kidogo. Si ukosefu wa ndege. Si hata ukosefu wa moyo, maana marubani kadhaa walitwambia kwamba wamewahi kumbeba mgonjwa huyu au yule kwa sababu tu walikuwapo kiwanjani alipoletwa. Kinachokosekana ni mpango. Mganga wa zahanati hajui ampigie nani. Rubani aliyepigiwa hajui kama akikubali atakuwa amevunja sheria. Mgonjwa akifika, hospitali inayompokea haikuwa na habari, na gari la wagonjwa liko safari nyingine. Hivyo kila safari ya kheri hufanyika kwa bahati, na bahati haiwezi kubandikwa ukutani mwa zahanati kama namba ya simu.

Kuhusu sheria tungependa kutoa maelezo kidogo, kwani hapa ndipo watu wema wengi huogopa. Leseni ya urubani wa binafsi, kwa kanuni za kimataifa ambazo nchi yetu inazifuata, hutolewa kwa mtu aliyetimiza miaka 17 na aliyeruka si chini ya saa 40 za mafunzo, akafaulu mitihani na kupimwa afya. Mwenye leseni hiyo anaruhusiwa kuchukua abiria, lakini haruhusiwi kulipwa kwa kuwachukua. Kwa hiyo mtu anayembeba mgonjwa bila malipo yoyote hajafanya biashara. Lakini je, akipewa mafuta na Halmashauri, amelipwa au hakulipwa? Je, bima yake itamtambua mgonjwa aliyelazwa juu ya machela? Maswali haya hayawezi kujibiwa na rubani mwenyewe akiwa kiwanjani na mgonjwa analia. Yanafaa kujibiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kwa waraka mmoja wa kurasa mbili tatu, ulioandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka. Nchi nyingine zimekwisha andika yao, na huko Marekani, ambako vyama vya marubani wa kujitolea ni vingi, suala hili hili la kurudishiwa gharama za mafuta limewahi kuhitaji ruhusa maalum ya serikali.

Kuna na jambo la Muungano. Katika orodha ya Mambo ya Muungano iliyomo katika Katiba, usafiri wa anga umo, afya haimo. Maana yake ni kwamba ndege inayotoka Pemba kuja Tanga husafiri chini ya mamlaka moja tangu inapoondoka hadi inapotua, lakini mgonjwa aliye ndani yake hutoka katika wizara moja ya afya akaingia katika nyingine. Anga ni moja, vitanda ni viwili. Hatusemi hivyo kwa lawama. Tunasema kwa sababu mgonjwa wa Wete anayeletwa Bombo lazima awe na karatasi ya rufaa inayotambuliwa pande zote mbili, na lazima ijulikane mapema nani atagharimia matibabu yake na nani atamrudisha kwao akipona, au, Mungu apishe mbali, asipopona. Familia nyingi za visiwani zimewahi kukwama bara na jeneza. Ofisa wa Chake Chake na ofisa wa Tanga wakikaa meza moja kwa siku mbili, jambo hili linakwisha. Hawajahitaji fedha hata shilingi, isipokuwa nauli zao.

Tena hatuanzi patupu. Tarehe 6 Aprili, 2022, Serikali ilizindua nchi nzima mpango wa m-mama wa kuwasafirisha akina mama na watoto wachanga wanapopatwa na dharura. Mtu hupiga namba 115 bila malipo, aliyeko kituoni hutafuta gari la wagonjwa, na kama halipo humpigia dereva wa kawaida wa kijijini aliyejiandikisha, ambaye hulipwa ujira wa safari ile kwa njia ya simu. Ni kazi ya kusifiwa. Ndani yake mna kila kitu ambacho Flynn na Wood walikihangaikia: namba moja ya kupiga, mtu mmoja wa kuamua, na orodha ya watu walio tayari. Sisi tunauliza tu kwa nini orodha hiyo, kwa mwambao huu na visiwa hivi, isiwe na ukurasa wa marubani baada ya ukurasa wa madereva.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya matajiri, na kwamba mtu mwenye ndege akitaka kusaidia na anunue mashua ya injini aipe Kojani. Hoja hiyo tunaiheshimu, na nusu yake ni kweli. Ndege haiwezi kutua Kojani wala Fundo, wala Kisiwa Panza, wala Tumbatu. Katika Pemba nzima ipo sehemu moja tu ambapo ndege ya abiria hutua, nayo ni kiwanja kilicho jirani na Chake Chake. Kwa hiyo mgonjwa wa kisiwa kidogo ataanza kwa mashua apende asipende, kisha gari, kisha ndege, na kiungo kimoja kikikatika mnyororo wote haufai. Mashua nzuri ya wagonjwa, yenye injini mbili, tandabui na maboya, ni haki ya kila kisiwa kinachokaliwa, na ni wajibu wa Serikali, si wa mtu wa kujitolea. Tungeona vibaya sana kama siku moja ofisa atasimama mbele ya wananchi na kusema mashua haitanunuliwa kwa kuwa marubani wapo. Wema wa raia usigeuzwe kisingizio.

Lakini nusu ya pili ya hoja si kweli. Tazama upande wa kusini wa mto Pangani. Mtu wa Kipumbwi au Mkwaja akizidiwa, njia ya kumfikisha Tanga imekuwa kwa miaka mingi ni kuufuata mchanga na matope hadi Bweni, kungojea kivuko, kisha kilomita 50 hivi nyingine. Wakati wa masika njia hiyo ni mtihani hata kwa mzima. Upande huo huo wa mto kuna kiwanja cha Mashado, na huko Saadani kuna kiwanja kingine, ambapo ndege huwashusha watalii wanaokuja kutazama tembo na fukwe. Viwanja hivyo vipo. Wageni wanavitumia. Si anasa mwenyeji naye akivitumia siku moja akiwa amelala chali.

Sasa tuje kwenye hatari, maana gazeti linalosifu bila kuonya halimtakii msomaji mema. Huko huko Australia, mbali na ile huduma kubwa ya madaktari, kuna chama cha marubani wa binafsi wanaowachukua kwa hisani wagonjwa wasio mahututi kwenda kuonana na madaktari wa mijini. Ndege zilizokuwa katika safari za namna hiyo zilianguka mwaka 2011 na mwaka 2017, wakafa watu sita. Wachunguzi wa ajali waliotoa ripoti mwaka 2019 waliona kwamba safari hizo za wema zilikuwa na kiwango kikubwa zaidi cha ajali za vifo kuliko safari nyingine za ndege za binafsi. Inashangaza, kwa sababu marubani ni wale wale na ndege ni zile zile. Sababu mojawapo waliyoitaja ni uzito wa ahadi. Mtu anayekwenda kutembea tu, akiona wingu jeusi, hurudi nyumbani. Aliyeahidi kumfikisha mgonjwa hulitazama wingu lile lile na kujiambia kwamba huenda akapita. Mwaka huo huo wakuu wa anga wa nchi hiyo waliweka masharti ya chini kuhusu uzoefu wa rubani na utunzaji wa ndege kwa safari hizo.

Sisi watu wa bahari tunalielewa hilo bila kuelezwa na ripoti. Nahodha akisema hatutweki, hakuna mwenye mgonjwa anayemshika shingo, hata awe mkubwa wa kiasi gani. Neno lake ni la mwisho, kwa kuwa yeye anajua akizama atazama na yule anayetaka kumwokoa. Haki hiyo apewe rubani, na iandikwe. Mkuu wa Wilaya asimpigie simu rubani aliyekataa kuruka kwa sababu ya mvua ya masika, akamwuliza ana moyo wa namna gani.

Na tuseme wazi: usiku hapana. Rubani wa binafsi wa kawaida huruka kwa kutazama kwa macho, na kumpeleka juu ya mkondo wenye giza katika ndege ya injini moja ni kucheza kamari na roho nne badala ya moja. Yule anayegongewa mlango saa nane ya usiku ataendelea kuwa nahodha. Kazi ya rubani itakuwa ni ile ya alfajiri, ambapo mgonjwa amekwisha pewa huduma ya kwanza usiku kucha, dripu imetundikwa, karatasi imeandikwa, na gari limemfikisha kiwanjani jua linapochomoza. Mchana huo huo kila aliye ndani ya ndege, mgonjwa akiwemo, avae boya lake. Asirushwe mgonjwa bila muuguzi kando yake, kwani rubani ana mikono miwili tu na yote ina kazi.

Wananchi wa visiwani na wa vijiji vya pwani nao wana fungu lao, wala halihitaji elimu ya urubani. Kiwanja cha nyasi hufa kwa kusahauliwa. Mbuzi wakizoea kulala hapo, wavulana wakikifanya uwanja wa mpira, na mchwa wakijenga kichuguu katikati, rubani akifika atazunguka mara mbili kisha aondoke, na mgonjwa atabaki akisikia mlio ukififia. Watu wa Tanga hawahitaji kufundishwa neno msaragambo, maana ni lao. Siku moja kwa mwezi ya majembe na mapanga inatosha kukiweka kiwanja katika hali ya kutulika. Kitambaa chekundu juu ya mti mrefu kinatosha kumwonyesha rubani upepo unakotoka. Katibu wa kijiji anaweza kupiga hatua urefu wa kiwanja, akaandika, akapeleka taarifa wilayani kila mwezi kama maji yametuama au la.

Kwa viongozi ombi letu ni la kiasi. Hatuombi ndege, na anayetuahidi ndege tutamtilia shaka. Tunaomba Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga na mwenzake wa Pemba wawe na orodha moja ya marubani walio tayari, yenye aina ya ndege ya kila mmoja, saa alizoruka, tarehe ya leseni yake kumalizika, na namba yake ya simu, na kwamba orodha hiyo ihakikiwe na wenye mamlaka ya anga na isiwe ya kirafiki tu. Tunaomba ijaribiwe kwa safari ya mazoezi, bila mgonjwa, kabla kusi halijaanza kuvuma, ili tujue machela gani inaingia katika mlango wa ndege gani. Jambo hili la machela linaonekana dogo. Marubani wametwambia kwamba ndilo lililowahi kuwashinda kuliko yote, mpaka mgonjwa akaketishwa kwenye kiti huku ameshikiliwa na nduguye.

Lipo pia suala la mafuta. Ndege kubwa kidogo za abiria zinazopita hapa hutumia mafuta yanayofanana na mafuta ya taa, lakini ndege nyingi za watu binafsi zina injini za pistoni na huhitaji petroli maalum ya ndege, ambayo haipatikani katika kila kiwanja. Rubani anayetoka Arusha akiwa na mafuta ya kwenda na kurudi tu hawezi kuongeza safari ya Pemba katikati. Ndege ya aina ya Cessna 206 hula kiasi cha lita 60 kwa saa. Kwenda Pemba na kurudi Tanga ni kama lita 50. Pipa moja la lita 200, likifungwa vizuri na kuwekwa kivulini katika ghala lenye kufuli hapo kiwanjani Tanga, na ufunguo wake ukajulikana uko kwa nani, ni safari tatu za wagonjwa, na akiba kidogo inabaki kwa rubani atakayekuta upepo umemgeukia.